Kurudufu au Kunakili?

Mkulima wa Singida apandapo mbegu ya alizeti, mzizi hurefuka kwa sababu seli za nchani mwake hugawanyika. Kabla ya kugawanyika, sharti seli iifanye maradufu DNA yake yote, iliyomo katika kromosomu 34. Tendo hilo baadhi ya wafasiri huliita "kunakili". Je, neno hilo latosha?

Tulitazame tendo lenyewe. DNA ni mfano wa kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa. Kimeng'enya kiitwacho helikesi huzitenganisha. Praimasi huweka kipande kifupi cha kuanzia. Kisha polimerasi hujenga uzi mpya kwa kuufuata ule wa kale, ikioanisha adenini na thimini, guanini na sitosini. Kwa kuwa polimerasi hujenga kwa mwelekeo mmoja tu, uzi mmoja kati ya zile mpya hujengwa vipande vipande, navyo huungwa na ligasi.

Anayenakili barua hubaki na ya asili kando, na nakala kando. Hapa sivyo. Mwaka 1958 Meselson na Stahl, huko Marekani, walionyesha kwamba kila DNA mpya ina uzi mmoja wa kale na mmoja mpya.

Tena, "kunakili" lahitajika kwa tendo jingine: kuhamishia ujumbe wa jeni katika RNA, ambako DNA hubaki kama ilivyokuwa. Neno moja likibeba matendo mawili, mwanafunzi atajibu swali asiloulizwa.

Kwa hiyo yafaa tuseme DNA "hurudufiwa" ipatikanapo DNA, na "hunakiliwa" ipatikanapo RNA.