Fizi–Baraka: Antena ipo, mega zipo, lakini faili haiendi

Programu ya kutuma faili inafunguka vizuri. Jina na neno la siri vinakubaliwa, seva iliyo Bukavu ao Kinshasa inajibu. Halafu, wakati wa kuonyesha orodha ya faili, kila kitu kinasimama. Baada ya sekunde 20, FileZilla inaandika kwamba imeshindwa.

Kwa redio za jamii, mashirika na vituo vya afya vya kandokando ya Ziwa Tanganyika, toka Baraka hadi milima ya Fizi, hiyo si shida ndogo. Barabara ya kitaifa namba 5 inayopanda kuelekea Uvira si ya kutegemea kila siku, iwe juu ya mvua ao juu ya usalama. Ripoti ya juma iliyokwama kwenye kompyuta haipati njia nyingine kwa urahisi.

Ni rahisi kulaumu antena. Lakini ikiwa neno la siri limekubaliwa na orodha ndiyo haionekani, mara nyingi mtandao ni mzima. Kosa liko katika namna FTP, njia hiyo ya kutuma faili, inavyoongea na seva.

Mlango mmoja, nyumba nyingi

FTP ni ya zamani. Abhay Bhushan wa chuo cha MIT, Marekani, aliiandika mwaka 1971, na kanuni yake inayotumika hadi leo ilitoka Oktoba 1985. Inahitaji njia mbili: moja ya maagizo, kwenye poti 21, na nyingine ya faili zenyewe. Katika hali ya kwanza, inayoitwa aktifu, seva ndiyo inafungua njia ya pili, ikirudi kwa aliyeiita.

Wakati ule kila kompyuta ilikuwa na anuani yake. Leo sivyo. Anuani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu, na akiba ya dunia iligawanywa yote Februari 2011. Kwa hiyo modemu, na mara nyingi kampuni ya simu yenyewe, inaweka watu wengi nyuma ya anuani moja. Kazi hiyo inaitwa NAT.

Ni kama lupango lenye nyumba nyingi na mlango mmoja. Anayetoka ndani anakumbukwa na mlinzi, na jibu lake linaingia. Mgeni anayefika bila kuitwa anarudishwa. Seva inayojaribu kufungua njia ya pili ni huyo mgeni.

Mambo ya kuangalia

La kwanza ni kuweka programu katika hali ya pasifu. Hapo kompyuta ya Baraka ndiyo inafungua njia zote mbili toka ndani, na mlinzi hana la kukataa. Steven Bellovin alitoa shauri hilo tangu Februari 1994.

Pasifu ikikataa pia, mtu asome mstari wa seva unaoanza na 227. Ukionyesha 192,168 ao 10 mwanzoni, seva nayo iko nyuma ya NAT na inatoa anuani ya ndani ya lupango lake. Programu zingine zinajirekebishia kosa hilo, zingine hapana. Anayechunga seva ndiye anapaswa kuandika anuani ya nje na kufungua poti za pasifu. Kununua mega zingine hakutasaidia.

Kuna pia faili inayofika yote, lakini programu inasema imeshindwa. Wakati faili kubwa inapita polepole, njia ya maagizo inanyamaza, na NAT inaisahau. Kabla ya kuanza upya, inafaa kulinganisha ukubwa wa faili pande zote mbili. Ikiwa imekatika katikati, programu nyingi zinaweza kuendelea pale ilipofika, na mega zinabaki.

Mwishowe, seva iliyowekwa Baraka nyuma ya modemu ya simu kwa kawaida haifikiwi toka nje. Anuani ya modemu ikianza na 10, 192.168, ao ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mlango wa nje si wake. Hata Starlink, iliyopewa ruhusa Kongo mwaka 2025, inatumia mpango huo kwa wateja wa kawaida. Dawa ni kuweka faili kwenye seva yenye anuani ya wazi, na kila upande uzifuate pale.

Njia moja, iliyofungwa

Hata ikifanya kazi, FTP ya kawaida inapitisha neno la siri na faili wazi. Anayesikiliza njiani anaweza kusoma majina ya wagonjwa, ao sauti ya shahidi aliyeomba asijulikane. Katika eneo lenye vikundi vya silaha, hilo linaweza kugharimu maisha ya mtu. Firefox iliacha FTP Julai 2021, na Chrome Oktoba mwaka huohuo.

SFTP inatibu mambo yote mawili. Inatumia njia moja tu, kwa kawaida poti 22, na kila kinachopita kimefungwa. NAT ya upande wa Baraka haiisumbui, kwa sababu hakuna mgeni wa pili anayerudi kugonga. FileZilla inaikubali katika dirisha lilelile. Kinachobaki ni ombi moja kwa anayechunga seva: afungue SFTP.