Bingwa wa Wiki Moja

Mashindano ya vyuo vikuu yanayosimamiwa na TUSA huenda kwa mtindo ambao kila aliyepita chuo anaujua. Vyuo hukusanyika kwa mwenyeji mmoja, wachezaji hulala mabwenini, timu za kikapu hugawanywa makundi, kisha mtoano hadi fainali. Baada ya siku chache bingwa kapatikana na mabasi yanarudi Dodoma, Mwanza na Mbeya. Ni mashindano matamu. Ila kama unataka kujua nani hasa anajua kikapu, hayakuambii mengi.

Hesabu yake ni fupi. Chukua timu iliyo bora kweli, inayoweza kumfunga mpinzani yeyote mara 6 katika kila mechi 10. Ikiingia robo fainali, lazima ishinde tatu mfululizo: 0.6 mara 0.6 mara 0.6, unapata 0.216. Timu bora kuliko zote, basi, itabeba kombe karibu mara moja tu katika kila mashindano matano. Sasa iwekee fainali ya michezo mitatu, bingwa awe wa kwanza kushinda miwili. Nafasi yake katika fainali hiyo inapanda kutoka asilimia 60 hadi karibu 65. Michezo mitano, 68. Saba, kama wafanyavyo NBA, 71. Ongezeko ni dogo kuliko wengi wanavyodhani, na ndiyo maana wenye ligi zao hawauachii mtoano kazi yote. Msimu mrefu ndio unaopima. Mtoano unakuja mwishoni kuamua medali iende shingoni mwa nani.

Mfano mzuri kuliko yote una Mtanzania ndani yake. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alicheza Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, katika ligi ya kanda iitwayo Big East. Msimu wake wa mwisho ligi hiyo ilikuwa na vyuo 16, kila kimoja kikicheza mechi 18. Connecticut ilishinda 15. Kisha ukaja mtoano wa ubingwa wa kanda, mechi moja unatoka, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York.

Usiku wa 12 Machi 2009 walikutana na Syracuse, timu iliyokuwa chini yao kwenye msimamo. Dakika 40 zikaisha 71 kwa 71. Ikaongezwa dakika tano, sare. Zikaongezwa tena, na tena, mara sita kwa jumla. Katika nyongeza tano za mwanzo Syracuse haikuongoza hata kwa sekunde moja. Katika ya sita ikaondoka na ushindi wa 127 kwa 117, saa saba usiku imeshapita. Thabeet hakuwepo uwanjani filimbi ya mwisho ilipopulizwa, kwani faulo tano zilikuwa zimeshamtoa. Kikapu ndivyo kilivyo. Uwanjani wako watano tu, na mmoja mrefu akishakaa benchi kwa faulo, chini ya ringi pako wazi.

Kwa utaratibu wetu safari ingeishia hapo. Lakini Connecticut ilikuwa na msimu mzima wa kuitetea. Waliopanga mashindano ya taifa yenye timu 65 waliangalia rekodi yake, wakaiweka ya kwanza katika moja ya kanda nne, nayo ikafika nusu fainali ya taifa. Miezi michache baadaye Memphis Grizzlies wakamchagua Thabeet wa pili kati ya wachezaji wote walioingia NBA mwaka ule.

Majirani zetu wamepita njia nyingine. Uganda, timu za vyuo kama UCU Canons na KIU Titans zinacheza ligi kuu ya taifa na kukutana na klabu za watu wazima. Kenya wanao Strathmore Blades na USIU Tigers. Hata kwetu, Dar es Salaam, UDSM Outsiders wamo katika ligi ya mkoa. Ni njia nzuri kwa chuo kimoja kimoja, ila haizai ushindani wa vyuo kwa vyuo.

Na hapa ndipo Dodoma inapofaa sana. Ndani ya mkoa mmoja kuna UDOM na St John's, vyote vilivyoanza 2007, kuna kampasi ya CBE, Chuo cha Mipango, Chuo cha Madini, na Chuo cha Serikali za Mitaa kule Hombolo. Tuseme kila kimoja kinatoa timu. Zikicheza nyumbani na ugenini, kila timu inapata mechi 10, jumla 30, yaani tatu kila Jumamosi kwa wiki 10. Wa juu wanne wanaingia nusu fainali, wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu, michezo mitatu kila jozi, aliye juu akipewa miwili nyumbani. Hapo mechi ya Aprili dhidi ya timu ya mwisho inakuwa na uzito, kwa sababu nani awe mwenyeji mwezi Juni inategemea hiyo.

Kikwazo cha kwanza ni cha makaratasi. Vyuo vikuu viko TUSA, ilhali vyuo kama CBE utavikuta katika shirikisho jingine, SHIMIVUTA, kwa hiyo majirani wa mji mmoja wanaweza kumaliza miaka mitatu bila kukutana kwenye mechi rasmi. Cha pili ni hali ya hewa. Mvua za Dodoma huanza Desemba na kukoma Aprili, kwa hiyo muhula wa pili ndio wenye uwanja mkavu. Shida ni kwamba ndio pia wenye upepo. Kwenye uwanja wa wazi kama Chinangali, mpira uliorushwa kutoka mita 6.75 unaweza kusogezwa kiasi cha kugonga ukingo wa ringi, na kocha mwenye akili ataacha kutegemea pointi tatu jioni na kupeleka mpira chini ya ringi. Vumbi kwenye zege nalo linatelezesha. Fagia kabla ya kila robo.

Ligi ikishika mizizi, Morogoro haiko mbali. Tangu katikati ya 2024 treni ya SGR inapita kati ya miji hiyo miwili, na SUA au Mzumbe wanaweza kuja kucheza na kurudi wikiendi hiyo hiyo.

Kuliko kombe, ningetafuta kwanza watu wa meza. Sheria za FIBA zinataka wanne: mwandishi wa matokeo, msaidizi wake, mtunza muda, na mwendesha saa ya sekunde 24. Saa hiyo ndiyo hukosekana mara nyingi kwenye viwanja vyetu, na bila hiyo timu inayoongoza inaweza kushika mpira robo nzima ya mwisho.