Kompyuta ya zamani ikigoma kuwaka, okoa daftari kwanza

MSIMU wa kununua mahindi na mpunga unapofunguka Mpanda, mfanyabiashara mdogo huhitaji vitu vitatu mezani: fedha, mizani na orodha ya wadeni wake. Kwa baadhi yao orodha hiyo imo ndani ya kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imetumika na kukaa nyumbani miaka kumi au zaidi. Siku mashine hiyo inapowashwa na kuishia kwenye maandishi meupe juu ya kioo cheusi, biashara husimama nayo.

Hali ni hiyo hiyo kwa mkulima wa tumbaku anayetunza mwenyewe hesabu ya mbolea, dawa na kuni, ili siku ya malipo ailinganishe na makato ya chama chake cha msingi. Bila kumbukumbu zake, hana cha kuuliza wala cha kupinga.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hasara kubwa mara nyingi haitokani na ubovu wenyewe. Hutokana na tiba ya haraka. Mwenye mashine huipeleka kwa fundi, fundi huifuta diski yote na kupakia programu upya, na jioni kompyuta hurudi ikiwaka vizuri, lakini madeni ya misimu mitatu hayamo tena. Makosa mengi ya kuwaka yanaweza kutambuliwa na mwenye mashine mwenyewe, na mengine hutibika kwa gharama ndogo kuliko nauli ya kwenda Tabora.

Mashine inavyoamka

Kompyuta huamka kwa hatua. Kwanza kisanduku cha umeme kilicho nyuma hupokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo unaofaa ndani. Pili, programu fupi iliyohifadhiwa kwenye ubao mkuu, inayoitwa BIOS, hukagua kumbukumbu ya muda (RAM), kibodi, kadi ya picha na diski. Tatu, BIOS hutafuta diski yenye mfumo endeshi. Nne, mfumo huo, kwa mfano Windows, hupakiwa na mtumiaji huona picha aliyoizoea.

Faida ya kujua hatua hizi ni kwamba mahali mashine ilipokwama panaonyesha ugonjwa ulipo. Isipotoa dalili yoyote, ubovu uko hatua ya kwanza. Ikilia milio bila picha, ni hatua ya pili. Ikiandika kwamba haioni diski au mfumo, ni hatua ya tatu. Ikionyesha nembo ya Windows kisha ikazima na kuanza upya, ni hatua ya nne.

Maandishi ya hatua za mwanzo huja kwa Kiingereza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, lakini programu ya aina hiyo hufanya kazi baada ya mashine kuamka. Kwa hiyo ni vema mwenye kompyuta ayajue maneno machache yanayojirudia, na kila kosa linapotokea aliandike kwenye karatasi kama lilivyo kabla ya kubonyeza chochote.

Isipowaka kabisa

Anza na vitu rahisi. Jaribu soketi kwa taa au chaja ya simu. Badilisha waya wa umeme. Hakikisha swichi ndogo iliyo nyuma ya kisanduku cha umeme imewashwa. Kumbuka pia kwamba monita ina waya wake na swichi yake. Huenda kompyuta inafanya kazi na kioo ndicho kimezimwa.

Mashine nyingi za zamani zina swichi nyingine nyuma, aghalabu nyekundu, yenye namba 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Mashine iliyowekwa kwenye 115 ikichomekwa hapa, kisanduku chake huungua mara moja. Mwenye kununua kompyuta iliyotumika aikague swichi hiyo kabla ya kuchomeka.

Ikiwa yote yako sawa na bado kimya, kisanduku cha umeme kinashukiwa. Hiki hubadilishwa kizima. Mtu asiye fundi asikifungue hata kama kimechomolewa, kwa sababu ndani yake hubaki umeme unaoweza kudhuru. Habari njema ni kwamba kuungua kwa kisanduku hiki mara nyingi hakugusi kumbukumbu zilizo kwenye diski.

Ikilia milio

Mlio mmoja mfupi kwa mashine nyingi una maana ya salama. Milio inayojirudia bila picha kwa kawaida huelekeza kwenye RAM. Kwa mashine zenye BIOS ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi huelekeza kwenye kadi ya picha. Watengenezaji wengine wana milio yao, hivyo kitabu cha mashine kikiwepo kisitupwe.

Kwa mji ambao kiangazi chake huja na vumbi jekundu na masika yake na unyevu, kulegea na kuchafuka kwa RAM si ajabu. Zima mashine, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa sehemu ya chuma ya boksi. Chomoa kipande cha RAM, safisha meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio laini cha penseli, pangusa mabaki kwa kitambaa kikavu na ukirudishe mpaka vibanio vya pembeni vijifunge. Kama kuna vipande viwili, jaribu kimoja kimoja ili kujua kibovu.

Wakati boksi liko wazi, tazama vikopo vidogo vya duara kwenye ubao mkuu. Vichwa vyake vinatakiwa kuwa bapa. Vikivimba au kuvuja maji ya kahawia, hizo ni kapasita zilizokufa, ugonjwa ulioenea sana kwenye mashine zilizotengenezwa miaka ya mwanzo ya 2000. Fundi mwenye pasi ya risasi anaweza kuzibadilisha, lakini hapo mwenye mashine aanze kufikiria kuihamisha kazi yake.

Betri ndogo, usumbufu mkubwa

Ujumbe unaowatisha wengi ni "CMOS checksum error" au "Press F1 to continue", pamoja na tarehe kurudi miaka mingi nyuma. Sababu ya kawaida ni betri bapa kama sarafu iliyo kwenye ubao mkuu. Nyingi huandikwa CR2032, zina volti 3, upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya BIOS wakati umeme umekatika. Huduma yake hudumu miaka kadhaa, na bei yake kwa kawaida haifiki ya debe moja la mahindi.

Kupuuza betri hii kuna gharama mbili. Ya kwanza ni ya hesabu: deni lililoandikwa Juni hujikuta limeandikwa Januari ya mwaka mwingine, na mdeni akibisha hakuna ushahidi. Ya pili ni kwamba mipangilio ikipotea, mashine inaweza kusahau ni diski ipi ianze nayo au diski isomwe kwa njia gani. Hapo ndipo Windows hutoa kioo cha bluu chenye namba 0x0000007B, na mtu akadhani diski imekufa. Kabla ya kuhukumu diski, badilisha betri, rekebisha saa, na muombe fundi arudishe mipangilio ya diski kama ilivyokuwa.

Ujumbe "Keyboard error or no keyboard present" ni mwepesi zaidi. Chomeka kibodi vizuri, au angalia kama kuna kitufe kilichobanwa na kitabu.

Diski isipoonekana

Kundi la tatu ni la ujumbe kama "Non-system disk or disk error", "NTLDR is missing" kwa Windows XP, na "BOOTMGR is missing" kwa Windows 7. Kabla ya hofu, chomoa flashi, CD au flopi yoyote iliyoachwa ndani. Mashine nyingi za zamani hujaribu kuanzia kwenye vifaa hivyo, na zikikuta havina mfumo husimama hapo hapo.

Tatizo likiendelea, ingia kwenye BIOS kwa kubonyeza Del au F2 mara tu mashine inapowashwa, uone kama jina la diski limeorodheshwa. Kama halipo, zima na kagua nyaya: ule mpana kama utepe kwa diski za zamani, au mwembamba kwa diski za SATA. Safari za barabara mbovu hulegeza nyaya hizi. Kama jina lipo lakini mfumo haupakii, huenda mafaili ya mfumo yameharibika, mara nyingi kwa sababu ya umeme kukatika ghafla. Mafaili ya mfumo si mafaili ya biashara. Ya kwanza yakiharibika, ya pili kwa kawaida bado yapo.

Dalili ya kuogopwa ni diski kugonga au kukwaruza. Zima mara moja. Kila dakika ya kuiendesha inaweza kuchimba zaidi sehemu zenye kumbukumbu.

Nakili, ndipo utengeneze

Kanuni ya kumwambia fundi ni moja: asifute wala asikarabati diski kabla ya kunakili. Hata amri ya ukarabati kama chkdsk inaweza kuimaliza diski iliyochoka. Njia mbili hutumika. Moja ni kuichomoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB. Nyingine ni kuiwasha mashine kwa CD au flashi yenye Linux, kama Ubuntu iliyoanza kutolewa mwaka 2004, ambayo hufanya kazi bila kugusa Windows iliyoharibika.

Hesabu inaonyesha kwa nini ubishi huu una faida. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara aliyewakopesha wakulima 40 mbegu na mbolea, kila mmoja kwa wastani wa Sh85,000. Daftari lake lina thamani ya Sh3,400,000. Likipotea, na robo tu ya wadeni wakataja kiasi pungufu kwa nusu, hasara ni Sh425,000. Saa mbili za fundi kunakili diski ni fedha kidogo mbele ya kiasi hicho.

Kutengeneza au kununua?

Kipimo kizuri ni kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine nyingine iliyotumika yenye nguvu zaidi, afadhali kununua na kuihamishia diski au nakala. Betri, waya, RAM na kisanduku cha umeme hutengenezeka kwa faida. Ubao mkuu uliokufa mara nyingi haulipi.

Umri wa programu nao uhesabiwe. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikakoma Oktoba 14, 2025. Mashine yenye mifumo hiyo ya XP na 7 bado inafaa kuandika hesabu, lakini isitumike kwa mambo ya benki kwenye intaneti, na flashi za watu zisichomekwe ovyo. Linux nyepesi pamoja na LibreOffice, ambazo hazina malipo, zinaweza kuipa miaka mingine michache.

Kinga ya Mpanda

Kwa miaka mingi Mpanda ilitumia umeme wa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa, na mwenye kompyuta alijifunza kuishi na umeme unaopanda, kushuka na kukatika. Mazoea ya wakati huo hayafai kuachwa. Stabilaiza husawazisha volti, na UPS humpa mtu dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Anayetumia jenereta yake aliwashe kwanza, litulie, ndipo awashe kompyuta. Kipindi cha mvua, kati ya Novemba na Aprili, waya uchomolewe radi inapoanza, maana kubonyeza swichi peke yake hakutoshi.

Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni na mwishoni mwa kiangazi, boksi lifunguliwe na vumbi liondolewe kwa brashi laini huku feni ikishikiliwa isizunguke. Kila Jumamosi orodha ya madeni inakiliwe kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, na kila mwisho wa mwezi ichapishwe na kila mdeni atie sahihi mbele ya jina lake. Karatasi hiyo haihitaji umeme.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta ya zamani bado ni daftari zuri kwa mkulima na mchuuzi wa Katavi, mradi nakala yake iwe tayari mahali pengine kabla ya siku itakapogoma.