Istilahi za Viashiria vya Kinga katika Damu ya Wagonjwa wa Figo

Katika makala haya tumekusudia kueleza istilahi chache zitumikazo katika vipimo vya damu vya wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi, nao husafishwa damu kwa utando wa fumbatio. Njia hii ilipata sura yake ya sasa baada ya 1976, Popovich na Moncrief wa Texas, Marekani, walipobuni namna ya kuitumia mfululizo, mchana na usiku. Maji maalumu yenye sukari, yapatayo lita 2, hutiwa tumboni kwa mrija laini; taka za damu hupenya utando na kuingia katika maji hayo, ambayo hutolewa baada ya saa kadhaa. Twapendekeza njia hii iitwe uchujo wa fumbatio, ili ipambanuke na uchujo wa mashine.

Mrija huo waweza kupitisha vijidudu, na ugonjwa wa figo wenyewe hudhoofisha kinga. Ndiyo sababu mganga huchunguza damu. Vitu anavyovitafuta vimekuwa vikiitwa dalili, au alama. Majina yote mawili hayafai. Dalili ni jambo alisikialo mgonjwa au lionekanalo, kama vile homa, maumivu ya tumbo, au maji kutoka yakiwa na ukungu. Alama nayo yaweza kuwa kovu au maksi za mtihani. Kitu kinachogunduliwa katika maabara tu, tena kikiashiria hali fulani, chastahili kuitwa kiashiria.

Hata hivyo, “kiashiria cha kinga” peke yake hakitoshi. Wananchi wengi wamejifunza katika kliniki za UKIMWI kwamba limfositi za CD4 zikiongezeka, “kinga imepanda”, nayo ni habari njema. Lakini iko protini itolewayo na ini mwili unapopambana na maambukizo au jeraha. Hiyo ikiongezeka, ni onyo. Mgonjwa wa uchujo akiambiwa kwamba kiashiria chake cha kinga kimepanda, aweza kurudi nyumbani akifurahi, kumbe alipaswa kutibiwa siku ile ile.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi mbili: kiashiria cha akiba ya kinga, kwa hesabu za chembe kama CD4, na kiashiria cha mapambano, kwa protini tuliyoitaja na kwa interlukini 6 inayoliamsha ini kuitoa.

Protini hiyo, iliyogunduliwa mwaka 1930, twapendekeza iitwe protini itikizi C, kwa kuwa huitikia kitu kiitwacho C katika kijidudu cha nimonia. Isikatwe ikawa “protini C”, kwani hilo ni jina la protini nyingine, ihusikayo na kuganda kwa damu.

Tungefurahi kupata maoni ya waganga, wauguzi na walimu kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.