Treni Isiyosimama: Je, Ingetufikisha Mbeya Mapema?

Ukiwauliza wanachuo wa Mbeya na Chunya kwa nini tunapanda basi wakati reli ya TAZARA inapita Mbeya mjini, jibu ni moja: treni inachelewa. Basi kutoka Dar linakufikisha siku hiyohiyo, treni inalala njiani. Wengi wanasema basi, vituo vipunguzwe. Lakini kati ya Mlimba na Makambako kuna vijiji vinavyoitegemea treni hiyohiyo. Ukivifutia kituo, watu wake wapite wapi?

Kuna wazo linalotaka kumfaa kila mtu: treni kubwa isisimame kabisa. Abiria wa stesheni ndogo wanapanda behewa lenye injini yake. Treni ikishapita, behewa linaikimbilia. Likikaribia, linapunguza mwendo: treni ikiwa kwenye kilomita 72 kwa saa, behewa liwe kwenye 75. Tofauti ni kilomita 3 tu, polepole kuliko mtu anayetembea. Linaungana nayo mkiani, abiria wanahamia mbele kwa miguu. Wanaoshuka kituo kinachofuata wanakaa humo, linaachiwa, linafunga breki na kusimama lenyewe.

Nusu ya wazo hili si ndoto. Uingereza iliachia mabehewa treni ikiwa mwendoni kwa miaka mingi, hadi 1960. Kuachia ni rahisi. Kuunga ndiyo kazi, kwa sababu usalama wa reli umejengwa juu ya kanuni ya kuzitenganisha treni: mbili zisiwe kwenye kipande kimoja cha njia.

Sasa tupige hesabu. Treni ya kilomita 72 kwa saa ikitumia dakika 1 kusimama, 5 kituoni na 2 kurudisha mwendo, inapoteza kama dakika 6 na nusu. Vituo 20 ni saa 2 na dakika 10. Si haba, ila basi bado litakuwa mbele.

Muda mwingine unaliwa wapi? TAZARA ina kilomita 1,860 za njia moja, iliyojengwa miaka ya 1970. Treni mbili zikikabiliana, moja lazima isubiri stesheni. Reli ikichoka, dereva anaamriwa aende taratibu. Kichwa kikiharibika, wote mnalala hapo. Hakuna behewa la kuunga linalotibu hayo.

Angalia SGR ya Dar hadi Dodoma, iliyoanza 2024. Inasimama Morogoro kama kawaida, na bado inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Siri ni njia na umeme.

Septemba 2024, Tanzania, Zambia na China zilisaini Beijing makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA. Sisi tunaoisubiri tudai reli nzima, vichwa vizima na sehemu za kutosha za kupishania. Vituo vya vijijini tuviache. Mwizi wa muda wetu si yule mama anayepanda Mlimba na gunia lake la mchele.