Bukavu: mita 500 kwenye ramani, mlima mzima kwa miguu

Mkaaji wa mji anahesabiwa kuwa yuko karibu na usafiri wa watu wote kama anaweza kutembea hadi kituo cha basi kisichozidi mita 500, ao kituo cha treni kisichozidi kilometa 1. Hicho ndicho kipimo cha UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa linalofuatilia kama miji itatimiza lengo la mwaka wa 2030: usafiri salama, wa bei nafuu, unaomfikia kila mtu. Hesabu ya 2020, katika miji 1 510, ilionyesha kwamba karibu asilimia 52 tu ya wakaaji wa miji duniani walikuwa na kituo karibu.

Mita hizo hupimwa kwa kufuata njia ambazo watu hupita. Kuchora duara kwenye ramani hakutoshi, na Bukavu inaonyesha sababu. Mji huu umejengwa juu ya milima, kando ya ziwa Kivu. Huko Kadutu, nyumba inaweza kutazama barabara kutoka juu, lakini mwenye kushuka anazunguka kwa vijia, na mvua ikinyesha anapambana na matope.

Tena, kituo ni kipi? Wengi wetu tunasafiri kwa taksi na pikipiki, na motari anasimama popote anapomuona mteja. Anayetafuta vibao vya vituo peke yake atahesabu vichache sana. Nairobi, watafiti na wanafunzi wa chuo kikuu walipata njia: walipanda matatu na simu mkononi, wakaandika kila mahali gari linaposimama. Ramani yao ilitoka 2014.

Kipimo hicho kinaomba pia wanawake, wazee na watu wenye ulemavu wahesabiwe kando. Pikipiki inaweza kupita mbele ya mlango, lakini mama mwenye beseni ya mboga na mtoto mgongoni atapanda vipi? Anayetembea na magongo je? Na nani ana franka za kulipa kila siku, kwenda na kurudi?

Kabla ya kuchagua barabara ya kutengeneza, viongozi wa mji wangeweza kupita vijia hivyo pamoja na wanaovitumia, wakahesabu dakika, ngazi na bei. Kartie isiyohesabiwa ni rahisi kusahauliwa wakati wa kugawa pesa za barabara.