Wapiga picha za mnato wanataka nini katika kamera zisizo na kioo?

KWA miaka mingi mpiga picha wa gazeti au wa harusi alitambulika kwa kamera yake kubwa, yenye nundu juu na mlio mkavu kila anapobonyeza. Mlio huo ulitokana na kioo. Mwanga ulioingia kwenye lenzi uligonga kioo kilichoinamishwa, ukapandishwa hadi kwenye jicho la mpiga picha. Alipobonyeza, kioo kilinyanyuka na mwanga ukafika kwenye kihisi, yaani kibamba kilichochukua nafasi ya filamu.

Katika kamera za kisasa kioo hicho hakipo tena. Kihisi hupokea mwanga muda wote, na anachokiona mpiga picha ndani ya tundu la kuchungulia ni kijiluninga kidogo. Panasonic ilifungua njia mwaka 2008 kwa kamera ya G1. Sony ikafuata mwaka 2013 na A7, yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, na mwaka 2018 Nikon na Canon nazo zikaingia ulingoni na aina hiyo.

Faida zake hazina ubishi. Kamera hizi hulitambua jicho la mtu na kulifuata hata akiwa anakimbia. Lakini wanaoishi kwa picha za mnato wana manung'uniko yao, na mengi yanahusu mambo ambayo kamera za zamani ziliyamudu bila taabu.

La kwanza ni betri. Nikon D850 ya mwaka 2017, yenye kioo, ilipimwa kupiga picha 1,840 kwa chaji moja. Nikon Z7 ya mwaka uliofuata, isiyo na kioo na inayotumia betri ya jamii ileile, ilipimwa picha 330. Ni kweli kwamba kipimo hicho ni kikali na kazini mtu hupata zaidi, lakini tofauti inabaki kubwa, kwa sababu kihisi na kijiluninga hula umeme hata pale mpiga picha anaposubiri tu. Anayekesha ukumbini hadi keki ikatwe hulazimika kutembea na betri tatu au nne mfukoni, na zote ziwe zimechajiwa kabla umeme haujakatika.

Suala linalowagusa zaidi, hata hivyo, ni namna kihisi kinavyosomwa. Kamera nyingi za aina hii zinaweza kupiga picha kimyakimya, kwa shata ya kielektroniki, bila kipande chochote kujongea ndani. Tatizo ni kwamba kihisi husomwa mstari baada ya mstari, kama mtu asomavyo ukurasa kutoka juu kwenda chini. Ufikapo mstari wa mwisho, kitu kinachokwenda kasi kimekwisha kusogea, na ndiyo maana fimbo ya gofu huonekana imepinda. Chini ya taa za LED, ambazo huwaka na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoweza kung'amua, picha hutoka na michirizi ya giza. Nani asiyejua kwamba kumbi zetu za harusi siku hizi zimejaa taa hizo, kuanzia darini hadi nyuma ya kiti cha maharusi?

Flashi nayo ina kizuizi chake. Ili imulike picha nzima, kihisi chote kinapaswa kuwa wazi kwa wakati mmoja, na kwa shata ya kawaida hilo huwezekana hadi kasi ya takriban sehemu 1 ya 200 au 250 ya sekunde. Kwa jua la saa saba mchana ufukweni kasi hiyo ni ndogo mno. Mpiga picha anayetaka kuondoa kivuli usoni mwa bibi harusi kwa flashi, huku bahari nyuma yake ikififia, hujikuta amekwama.

Ufumbuzi umepatikana. Novemba 2023 Sony ilitangaza A9 III, ambayo kihisi chake husomwa chote kwa mkupuo. Flashi hufanya kazi hadi sehemu 1 ya 80,000 ya sekunde, na fimbo ya gofu haipindi tena. Lakini ilitoka kwa bei ya karibu dola 6,000 za Marekani bila lenzi, na ISO yake ya msingi ni 250 wakati wengi wamezoea 100. Ombi la wapiga picha ni kwamba teknolojia hiyo ishuke hadi kwenye kamera wanazomudu.

Vumbi ni kero nyingine. Kihisi cha Nikon cha sasa kipo milimita 16 tu kutoka mdomo wa kamera, badala ya 46.5 za awali, na hakuna kioo mbele yake. Canon iliweka kinga rahisi katika EOS R ya mwaka 2018: shata hujifunga kamera inapozimwa. Inashangaza kwamba si kampuni zote ziliiga mara moja.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kuondoa video, ili kamera iwe nyepesi na nafuu. Hoja hiyo haina uzito. Mwaka 2013 Nikon ilitoa Df, isiyo na video kabisa, kwa takriban dola 2,750. D610 ya mwaka huohuo, yenye video, iliuzwa karibu dola 2,000. Penye ukweli ni kwenye umbo. Fujifilm X-T4 ya mwaka 2020 ililetwa na skrini inayofunguka ubavuni, inayowafaa wa video. Wapiga picha za mnato walilalamika, na X-T5 ya mwaka 2022 ikarudi na skrini inayoinama juu na chini.

Kwa wanahabari, hitaji kubwa sasa ni uthibitisho. Picha ya mkutano wa hadhara inaweza kukanushwa na yeyote kwa kudai kwamba imetengenezwa na kompyuta. Leica M11-P ya mwaka 2023 ilikuwa ya kwanza kutia kila picha saini ya siri inayoonyesha ilikotoka. Lakini Septemba 2025 Nikon ililazimika kusimamisha huduma kama hiyo katika Z6III na kubatilisha vyeti vyake, baada ya kubainika kwamba kamera ingeweza kuhadaiwa itie saini picha isiyo yake. Na hata saini ikiwa imara, picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa zilizofichwa ndani yake huondolewa njiani, kabla haijafika kwa mhariri.